Sanduku la kufuli tatu kutoka Katwe: miezi saba ya kulijaribu nyumbani

Mwanzoni mwa Kwaresima nilinunua kwa fundi mmoja wa Katwe, hapa Kampala, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, la aina ile ile ambayo vikundi vya kuweka na kukopa hutumia kuhifadhia fedha zao, isipokuwa langu niliomba ligawanywe ndani vyumba vitatu na kutobolewa matundu matatu kwenye kifuniko: la matumizi, la akiba na la sadaka. Fundi alianza na shilingi 120,000, tukashuka hadi 85,000 pamoja na kufuli zenyewe. Nimelitumia kwa miezi saba, muda unaotosha kulisifu na kulilaumu kwa haki.

Nieleze kwanza kilichonipeleka Katwe. Sisi tuliolelewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambako Kiswahili ndicho tulichogombania na kuchezea, tulizoea kuona sahani ya ziada ikipelekwa nyumba ya pili bila kuulizwa, na mimi sijioni kuwa mchoyo, nikiombwa, hutoa. Shida ni kwamba huombwa nikiwa sina, kwa kuwa kati ya siku ya mshahara na siku ya jirani kuuguliwa kuna muchomo, yaani nyama choma, wa mtaa wa Kabalagala, kuna viatu ambavyo sikuvihitaji, na kuna simu. Fedha za kwenye simu zina wepesi unaomponza mtu wa aina yangu. Hata tozo ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, iliyobaki baada ya ile ya asilimia 1 ya mwaka 2018 kupigiwa kelele, haijawahi kunizuia nisiende kwa wakala usiku wa Ijumaa.

Kwa ufundi, kazi ni nzuri kwa nje. Bati ni nene, bawaba ni imara, na rangi ya buluu imestahimili watoto wawili na ndoo ya maji iliyomwagikia juu yake. Kingo za matundu, hata hivyo, hazikupigwa msasa, na siku ya kwanza nilijikata kidole nikisukuma noti ya 5,000. Kasoro kubwa zaidi ilijitokeza mwisho wa mwezi wa pili wa kulitumia. Tulipofungua tulikuta chumba cha sadaka kina noti tu, hakina hata sarafu moja, ilhali mke wangu alikuwa akitumbukiza sarafu za 500 kila jioni alipotoka sokoni. Tulipolikagua kwa tochi tuliona kwamba ukuta ulio kati ya sadaka na matumizi ulikuwa umechomelewa juu na pembeni lakini haukufika chini. Ulibakiza mwanya mwembamba kama unene wa kidole, na kila nilipolisogeza sanduku ili nifagie, sarafu za sadaka ziliteleza taratibu zikahamia kwenye matumizi. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza kidogo. Fundi alilichomelea upya bila malipo, ingawa alinung'unika kwamba vikundi havijawahi kumletea lalamiko kama hilo, jambo ninaloliamini, kwa sababu masanduku ya vikundi hayana sababu ya kutenganisha sarafu kwa namna hii.

Kinacholipa sanduku hili thamani yake ni kufuli. Katika vikundi vya akiba, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na kuenea hadi vijijini kwetu, funguo tatu hushikwa na wanachama watatu, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Nyumbani kwetu ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao mke wangu, na wa tatu tulimkabidhi mzee wa kanisa anayekaa nyuma yetu, ambaye watoto humwita Babu. Fedha za chakula za juma hutolewa Jumatatu, watu wote watatu tukiwapo. Ijumaa moja, wageni walipokuwa wamenikalia uani na za juma lile zimekwisha, nilikwenda kumgongea Babu.

"Shikamoo, Mzee. Naomba ufunguo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi keti kwanza, chai iko tayari."

Nilikunywa chai vikombe viwili, nikarudi mikono mitupu, na wageni wakala ugali na dagaa. Upande mbaya wa mpango huo nao niuseme: mtoto alipopandwa na homa usiku, Babu alikuwa msibani Tororo, mashariki mwa nchi, ikabidi tukope kwa mwenye duka. Tangu hapo kuna nakala ya ufunguo wake ndani ya bahasha iliyogundishwa kwa gundi, unaotunzwa na dada yangu, na bahasha ikifunguliwa lazima ielezwe.

Anayetaka kulinunua ajue kwamba sanduku halijui kipimo; kipimo huletwa na mwenyewe. Biblia ya Kiswahili, inapotaja matunda ya Roho, hutumia neno "kiasi", neno lile lile tunalomuulizia mchuuzi, na mimi nimeanza kulichukua kwa maana hiyo ya sokoni: ni kiasi gani, kwa tarakimu? John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, alisimulia habari za Mmethodisti mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini alikuwa yeye mwenyewe, aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zile zile na kutoa 32. Kipato kikapanda hadi 90, kisha 120, na 28 haikusogea. Nasi tulifunga matumizi ya chakula kwenye shilingi 150,000 kwa juma. Nilipolipwa saa za ziada mwezi wa tano, zile ambazo kwa kawaida huishia Kabalagala, hazikuwa na tundu la kuingilia ila akiba na sadaka. Fungu la kumi tunalipeleka kanisani kando; chumba cha sadaka ni cha watu wa karibu, na hadi sasa kimelipa nauli ya mama mmoja hadi hospitali ya Mulago mara nne na sare za shule za watoto wawili, jambo ambalo mwaka jana ningelitatua kwa kuahidi.

Sikupenda maandishi. Fundi, kwa nia njema, alipaka neno SADAKA kwa herufi nyeupe kubwa upande wa mbele, na kwa kuwa sanduku lilikaa sebuleni, kila mgeni alilisoma, nami nikajikuta nikilielekeza mlangoni ili lisomeke vizuri zaidi. Nimelipaka rangi nikafuta, na sasa liko chini ya kitanda.

Linabaki tundu lenyewe. Noti ya 20,000 iliyokunjwa mara nne hukwama kwenye tundu la sadaka, ilhali sarafu hupita bila taabu, na nimeona jinsi mkono unavyozoea kinachopita. Nimemwomba fundi alipanue kwa milimita tatu. Anadai shilingi 5,000 na mimi nimesema 3,000, bado tunapatana.