"Huwezi kuwa unaumia": uzoefu wangu wa kutibiwa mzizi wa jino

Mikono ya huyu daktari ni mizuri, hilo nalisema mapema nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Ila mdomo wake jamani.

Jino lenyewe gego la chini, lile ukilala tu ndo linaanza kupwita. Kapiga eksirei, kaitazama, kasema "hii ruti kanali" (ndo kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino) huyo anavaa glovu. Basi, maelezo yameisha. Mi nilichokuwa najua ni cha kusikia tu, kwamba wanaua neva, nikajua nachomwa kitu neva inakufa naenda zangu.

Kachoma ganzi, nusu ya mdomo ikafa, ulimi sijui uko wapi. Katoboa juu juu sisikii kitu, alipofika kule ndani kwenyewe nilinyanyuka kitini. Nikapunga mkono maana na ule mpira wanaokutandikia juu ya jino utaongeaje. Unajua alisemaje? "Dada, huwezi kuwa unaumia, ganzi nimeshapiga, hiyo ni woga tu." Na akaendelea!! Machozi yanaingia masikioni mtu ananiambia woga.

Kilichokuja kunichefua zaidi ni baadaye, nimemsimulia daktari mwingine wa meno akasema mbona hilo linajulikana, neva ikishavimba ganzi mara nyingi haishiki vizuri, na magego ya chini ndo yanaongoza. Mdomo unaweza kufa kabisa na jino likawa macho. Na suluhisho lipo, unaongezewa sindano sehemu nyingine au unachomwa humo humo kwenye neva, inauma kweli ila kwa muda mfupi tu afu kimya. Sasa si ndo alichokuja kufanya mwenyewe nilipomshika mkono? Sindano moja tu, kimya! Kwa hiyo alikuwa anajua. Anajua, na ananiita mwoga.

Baada ya hapo kazi ilienda vizuri kwa kweli, karibu nisinzie. Vile vyuma vyembamba vya kukwangulia matundu ya mzizi, anakwangua anapima urefu, anasuuza na dawa inanukia kama ya kung'arishia nguo nyeupe (na kumbe kemikali ni hiyohiyo, inaua vijidudu na kuyeyusha mabaki ya neva). Gego moja lina matundu matatu, mengine manne, ndo maana inachukua muda. Akaweka dawa, akaziba kwa muda, nirudi tena kujazwa mizizi.

Nikifika home kila nikiuma kitu nasikia moto. Siku kadhaa hivi. Nimepiga simu, jibu nini? "Neva imeshatoka, unaumia na nini?" Yaani wimbo uleule! Kumbe ni kawaida kabisa, nyama zinazoshikilia mzizi kwenye taya zina hisia zake na zimechokozwa, zinatulia zenyewe, ila ukiona uvimbe au maumivu yanapanda badala ya kushuka hapo unarudi haraka. Sentensi mbili hizo! Angezisema nisingekaa usiku kucha naamini jino limeoza upya.

Nilikuwa niandike msiende kwake kabisa. Lakini sasa jino limetulia kimya, nakunywa baridi, nakunywa moto, hakuna kitu, na yule daktari wa pili alipoangalia eksirei ya mwisho akasema mizizi imejazwa vizuri hadi chini, kazi safi. Hapo nikakosa la kusema. Lakini kazi safi kwani inazuia mtu kumsikiliza mgonjwa? Hata kusema samahani hakusema.

Imebaki kofia ya jino, kile kifuniko kigumu cha kulivika jino juu, maana gego likishatolewa neva na kutobolewa vile linavunjika kirahisi, halitakiwi kukaa bila kofia. Nimeapa naenda kuwekewa kwingine. Afu nakumbuka ile mikono... sijui bana, labda nirudi kwake ila safari hii naongea kabla hajatandika ule mpira.