Seti mpya ya poti na swichi kwenye gitaa la bei chee: pikapu acha kwanza, anzia huku

Wadau wa gitaa, hasa nyie mnaopiga solo na rizimu kwenye bendi za dansi na makanisani, leo naongelea kitu ambacho ukilitazama gitaa kwa nje hukioni kabisa. Ni ile seti ya vyombo vya ndani vya Strat (gitaa la Stratocaster la Fender) inayouzwa ikiwa imeshaungwa nyaya zake, imepangwa kwenye kipande cha kadibodi: poti 3 (vile vyombo vinavyozungushwa na vinobu vya volyumu na toni) za kampuni ya CTS za 250k, yaani kilo-ohm 250, swichi ya njia 5 ya kuchagua pikapu, jeki (tundu la kuchomeka kebo) ya Switchcraft, kapasita ya 0.047 mikrofaradi, na kale kakapasita kadogo na rizista kwenye volyumu ambako mafundi wanakaita trebo blidi. Nimeifunga kwenye gitaa langu la bei ya kawaida kabisa, muundo wa Strat, pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zilezile, nyuzi namba 10 zilezile, amplifaya ileile. Nasema mapema kabisa, ni hela nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye hilo gitaa, ila kuna mambo lazima uyajue kabla hujaagiza.

Kabla ya hapo gitaa lilikuwa na sauti ya kufunikwa funikwa, na volyumu ilikuwa kama swichi ya taa, yaani kutoka 10 mpaka 4 husikii tofauti yoyote ya maana halafu ghafla kati ya 3 na 1 kila kitu kinaondoka. Toni ndo usiseme, unazungusha weee hakuna kitu mpaka ufike mwisho mwisho. Ukiligusa jeki linakrakra. Nilipofungua nikakuta poti ndogo za milimita 16 zenye herufi B, yaani ukinzani wake unabadilika sawasawa kila unapozungusha, na ile ya volyumu nilipoipima kwa maltimita ikasoma chini kabisa ya thamani iliyoandikwa mgongoni. Hii ni kawaida kwa poti za bei rahisi, zinaruhusiwa kupishana asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo poti iliyoandikwa 250k inaweza kuwa 200k na bado kiwanda kikasema ni nzima.

Sasa hiyo inahusiana vipi na sauti? Hapa ndo watu wengi wanapapita haraka wakakimbilia kununua pikapu. Pikapu ni sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, uzi ukitikisika juu ya sumaku umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Sawa. Lakini hiyo koili haiko peke yake, inaongea na poti, kapasita na kebo, na vyote kwa pamoja ndo vinaamua trebo (zile sauti za juu zenye ncha) ngapi inafika kwenye amplifaya. Koili ya Strat ina indaktansi (ile tabia ya koili kupinga mabadiliko ya umeme) ya kama henri 2 na nusu, kebo ya kawaida inabeba kama pikofaradi 100 kila mita. Ukiziweka hizo pamoja unapata mahali fulani kwenye trebo ambapo sauti inapanda kilele kabla haijaanguka. Kwa kebo ya mita 5 kilele kinakaa kama hezi 4,100, ukichomeka kebo ya mita 10 kinashuka mpaka kama 3,000. Ni gitaa lilelile na mpigaji yuleyule lakini sauti nyingine! Ndo maana mtu anapiga nyumbani na kakebo kafupi anafurahi, akienda ukumbini na kebo ndefu anaanza kulaumu amplifaya ya watu.

Na poti kazi yake hapo ni kuamua hicho kilele kiwe kirefu kiasi gani. Poti ikiwa na ukinzani mdogo inakinyonya, ikiwa na mkubwa inakiacha kisimame. Kwenye Strat unakuta volyumu 250k na toni 250k, kwenye trebo zinafanya kazi sambamba, kwa hiyo pikapu inaona kama 125k hivi. Poti zako zikiwa zimepungua kama zangu zilivyokuwa, pikapu inaona mzigo mzito zaidi na sauti inazama, wala pikapu haina kosa. Ndo sababu Gibson waliweka 500k kwenye magitaa yenye hambaka, ile pikapu ya koili mbili ambayo Seth Lover aliiombea hataza mwaka 1955. Hambaka ina indaktansi kubwa, sauti yake ni nene tayari, ukiiwekea 250k inakuwa nzito kupita. Fender nao walipotoa Jazzmaster mwaka 1958 wakaiwekea poti za mega 1, na pikapu zile zinawaka trebo mpaka basi. Kwa hiyo thamani ya poti ni sehemu ya sauti kabisa, mtu asikwambie ni kinobu cha kuongeza na kupunguza tu.

Nilipowasha baada ya kufunga hizi CTS, mabadiliko ya kwanza kabisa yalikuwa hapo. Nyuzi za juu zimefunguka, sio kwa ukali wa kuumiza sikio, ni ile kwamba noti za solo kule fret ya 12 kwenda juu zinasikika zina ncha, zinatoka mbele ya rizimu bila kupandisha sauti. Kwa muziki wetu hili ni kubwa. Ukisikiliza magitaa ya dansi ya miaka ya 70, enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, au ukivuka kwenda kwa Franco na OK Jazz, solo iko safi, haina makelele ya distoshen ya kuficha chochote, kila noti iko uchi. Mpiga roki akipoteza trebo kidogo ataipata kwenye pedali, mpiga solo wa dansi akipoteza trebo amepoteza kauli.

Lakini raha yenyewe iko kwenye volyumu. Hizi poti ni za herufi A, yaani zimepimwa kufuata sikio la binadamu linavyosikia, na ukishusha sauti inashuka taratibu kama unavyotarajia. Mimi huwa nashusha volyumu mwimbaji anapoimba, natandika tu zile noti za kuchombeza chini chini, ikifika sebene naifungua yote bila kugusa pedali wala amplifaya. Zamani hiyo ilikuwa ni bahati nasibu. Sasa nikiwa kwenye 6 najua niko wapi, nikiwa kwenye 8 najua niko wapi, kidole kidogo kinajifunza chenyewe.

Halafu kuna hili suala la trebo kupotea ukishusha volyumu, karibu kila mpiga gitaa amelisikia. Sababu yake ni hivi: poti ya 250k ikiwa katikati ya ukinzani wake inaweka kama kilo-ohm 62 njiani, na hizo zikikutana na kebo trebo inavujia kwenye gaundi, yaani ule waya wa kurudisha umeme. Trebo blidi inaifungulia trebo njia ya pembeni ipite. Ile iliyokuja kwenye seti ni kapasita ya pikofaradi 1,000 ikiwa sambamba na rizista ya kilo-ohm 150, na hapa ndo nina lalamiko langu la kwanza. Inafanya kazi, trebo haipotei, ila ile rizista ikikaa sambamba inabadilisha mwendo wa poti, volyumu inachelewa kushuka, na ukishuka sana gitaa linakuwa jembamba, besi haipo. Nikamwambia fundi redio wa mtaani kwetu (mtu makini sana, mkono wake wa kulehemu umetulia) aitoe, akaweka pikofaradi 1,200 na rizista ya kilo-ohm 120 zikiwa zimefuatana mstari mmoja. Ni vitu vya bei ya soda, na tofauti ni kubwa. Kama unapiga na volyumu imefunguliwa muda wote hutasikia lolote, lakini kama volyumu ni sehemu ya mchezo wako, badilisha.

Kapasita ya toni sasa. Hapa naomba tuelewane maana watu wanaibiwa. Kuna kapasita zinauzwa hela nyingi, za karatasi na mafuta, za zamani, za rangi rangi, eti zina sauti ya joto. Kwenye mzunguko wa toni wa gitaa kinachosikika ni thamani yake, sio jina wala rangi wala umri. Na toni ikiwa kwenye 10 hata thamani yenyewe husikii, kwa sababu ile 250k yote imesimama kati ya pikapu na kapasita. Inaanza kuongea ukiizungusha kushuka. Ukifika 0, ile 0.047 inakishusha kilele cha koili ya Strat mpaka kama hezi 460, ukiweka 0.022 kinabaki kama 680. Strat za kwanza za 1954 zilikuwa na 0.1, hiyo inashuka mpaka kama 320, giza kabisa. Kwa mtu wa besi besi au jazi ya taratibu 0.047 ni sawa, mimi nimehamia 0.022 ya kawaida kabisa ya duka la vipuri vya redio, maana nikishusha toni bado nataka noti isikike ni noti, sio mguno. Hiyo kapasita ya chungwa iliyokuja na seti haina ubaya wowote, ni thamani tu haikunifaa.

Swichi imekaza vizuri, inaingia kwa mlio wa "tak" na haiachi njia katikati. Wanaopenda historia wanajua Strat ilitoka na swichi ya njia 3, wapigaji wakawa wanaitegesha katikati kwa kidole kupata pikapu mbili kwa pamoja, Fender wakaja kuweka ya njia 5 mwaka 1977. Hizo njia za 2 na 4, yaani zile za pikapu mbili pamoja, ndo sauti ambayo rizimu nyingi za rumba zinaipenda, ina ka-uwazi fulani katikati. Kama pikapu yako ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, basi hapo mvumo unakufa pia, ule mvumo wa hezi 50 wa umeme wetu. Kwenye pikapu moja moja mvumo unabaki, na seti hii haiuondoi, asikudanganye mtu. Nilichofanya ni kutandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo lote la vyombo na nyuma ya ile plastiki ya mbele inayobeba poti, ikaungwa gaundi, ile miguno ya taa na chaja za simu ikapungua sana, mvumo wenyewe wa koili ukabaki kidogo. Sauti haikubadilika kwa sikio langu.

Na nikiwa hapo kwenye gaundi, kumbuka nyuzi zako zimeungwa na gaundi ya amplifaya kupitia briji, kile chuma nyuzi zinapokalia upande wa mwili. Ukumbi usio na waya wa ethi ukashika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki, unaweza kupigwa shoti mbaya, watu wameshaumia na wengine wamekufa hivyo duniani. Pima kabla ya shoo. Waya wa gaundi kwenye gitaa usiukate eti kuogopa shoti, shida iko ukutani.

Lalamiko la pili ni ufungaji, hapa muuzaji hakusema lolote. Poti za CTS zinataka tundu la milimita 9.5, magitaa mengi ya bei chee yametobolewa kwa poti ndogo, kwa hiyo lazima upanue plastiki, taratibu na kwa rima au faili la duara, ukitumia drili kwa pupa plastiki inapasuka. Vinobu vyako vya zamani navyo havitaingia, meno ya shafti ni tofauti, nunua vya inchi. Na pima kina cha shimo kwa sababu swichi hii ni ndefu kwenda chini kuliko zile za bei rahisi za kiboksi kidogo cha plastiki, kuna magitaa ya mwili mwembamba ambayo haitatosha bila kuchimba mbao.

Kitu kingine nilichomwambia fundi ni kuunga waya mmoja mfupi kwenye swichi ili toni ya pili ifanye kazi na pikapu ya briji pia. Kwa desturi ya Strat, pikapu ya briji haina toni kabisa, na ndo pikapu inayohitaji toni kuliko zote! Sasa naiweka 7 hivi na briji imekuwa sauti ya kupigia, sio ya kukwepa. Seti ingekuja hivyo kiwandani ningeipa nyota zote 5. Naipa 4.

Bei yake kulinganisha na pikapu za jina kubwa ni kama robo mpaka nusu, inategemea unaagiza wapi na ushuru. Kama poti zako ukizipima ziko sawa, zina herufi A, hazikrakri, basi usinunue, badilisha kapasita na trebo blidi tu kwa fundi na hela iliyobaki nunua kebo nzuri fupi. Ukikutana na gitaa la zamani la mtumba, tazama mgongo wa poti, namba inayoanza na 137 ni CTS na mara nyingi zinazofuata ni mwaka na wiki iliyotengenezwa, kwa mfano 1376625 ni wiki ya 25 ya mwaka 66. Hizo usizitoe, zisafishe kwa spreya ya poti kwanza. Na kama gitaa lako lina hambaka usichukue hii ya 250k, tafuta seti ya 500k.