Gladiola nyeupe nilizoahidiwa, na jibu nililopewa

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Miezi kadhaa iliyopita niliagiza matunguu 12 ya gladiola nyeupe. Yalifika kwenye mfuko wa plastiki usio na hata tundu moja, ndani umetota matone. Nilipobonyeza la kwanza kwa kidole gumba, kidole kikazama. La pili vilevile. Manane yalikuwa yameoza kitako, yana madoa ya kahawia na yananuka uvundo. Tunguu la gladiola husafirishwa likiwa kavu, kwenye karatasi au mfuko wa wavu. Hilo muuza maua hawezi kudai hakulijua.

Nikayapiga picha nikamtumia muuzaji, kwa adabu kabisa. Akanijibu: “Dada, hayo ni maua, si mawe. Kama hujui kutunza, nunua ya plastiki.”

Nilisoma mara tatu. Kutunza nini, na mzigo ndiyo kwanza nimeufungua? Kuoza ningesamehe, maana mzigo huchelewa njiani. Lakini kudharauliwa na mtu aliyekwishapokea pesa yangu! Sikumjibu, mikono ilikuwa ikitetemeka.

Manne mazima niliyafukia kina cha kama sentimita 12, mabua yasije yakalazwa na upepo. Sikuyatarajia. Baada ya miezi mitatu hivi, moja likatoa bua lililonifika kifuani, na vitumba vikaanza kufunguka kutoka chini kwenda juu, kimoja baada ya kingine. Jamani, uzuri ule! Nilikuwa nimeapa kuandika “msinunue kabisa”, sasa siwezi. Bua moja nililikata likiwa na maua mawili tu yaliyofunguka, likaendelea kuchanua mezani zaidi ya wiki.

Ila hayakuwa meupe. Yalikuwa ya waridi, yote manne! Mtu anakuuzia rangi asiyo nayo, kisha anakutolea maneno? Hapo nikakasirika upya, hata zaidi ya siku ile.

Majani yalipokauka nikayachimbua. Tunguu la zamani limesinyaa, jipya limekaa juu yake, na pembeni vitoto vidogo kama njegere. Hivyo vitachukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa ua, nami nitangoja. Nimevianika na kuvitia kwenye mfuko wa karatasi. Gladiola pandeni, nawaambia kwa moyo wote. Nyeupe nitazitafuta kwa muuzaji mwingine, na safari hii sitoi pesa kabla sijabonyeza tunguu mojamoja kwa kidole changu.