Made in Japan ya Deep Purple: miaka miwili nilisikia nusu yake

Hedfoni nilizokuwa nazo nilipoipata albamu hii zilikuwa zimekufa upande mmoja. Zile ambazo waya ukikatika kwa ndani unaukunja, unaushikilia kwa kidole, mpaka siku unakata tamaa unabaki na sikio moja. Kwa karibu miaka miwili nikawa namsifia kwa kila mtu mpiga gitaa wa Deep Purple, bendi hii ya rock ya Uingereza, jinsi anavyonguruma na kukwaruza. Kumbe niliyekuwa namsikiliza ni Jon Lord, mpiga kinanda!

Msinicheke sana. Lord alikuwa anapitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya za Marshall, zile za wapiga magitaa, ndiyo maana sauti inatoka na makwaruzo. Halafu humu wamewatenganisha: kinanda sikio moja, gitaa la Ritchie Blackmore sikio jingine. Siku niliyovaa hedfoni nzima nikaweka wimbo wa kwanza, Highway Star. Solo ya kinanda ninayoijua ikapita, Ian Gillan akaimba ubeti, mara gitaa likachomoza upande ule uliokuwa kimya miaka yote. Nikasimamisha, nikarudisha nyuma. Nilirudisha mara nne, nadhani.

Ni maonyesho ya siku tatu za Agosti 1972: tarehe 15 na 16 Osaka, tarehe 17 ukumbi wa Budokan, Tokyo. Wenyewe hawakuwa na hamu ya kutoa albamu ya jukwaani. Wajapani ndio walioiomba, na bendi ikakubali kwa sharti kwamba fundi wao, Martin Birch, ndiye arekodi. Zikatoka santuri mbili zenye nyimbo saba tu. (Ile picha ya kwenye ganda ilipigwa London, lakini hilo tuwasamehe.)

Wimbo wangu ni Strange Kind of Woman. Katikati Blackmore anapiga kipande kifupi, Gillan anakiiga kwa sauti. Blackmore anaongeza ugumu, Gillan anamfuata hukohuko. Wanatupiana hivyo, kila mmoja anamtafutia mwenzake kona ya kumshindia, mpaka Gillan anapiga ukelele mmoja mrefu ambao hakuna gitaa la kuujibu. Kwa sikio moja nilikuwa nasikia mtu anayepiga makelele peke yake kama mgonjwa. Nilikuwa nauruka!

Child in Time inachukua dakika kumi na mbili na inaanza kwa kinanda cha chinichini. Watu wa Osaka wametulia tuli, hadi unahisi ukubwa wa ukumbi. Isikilize usiku, lakini shusha sauti kabla Gillan hajapanda, nyumba zetu hizi kuta ni nyembamba.

Smoke on the Water sina haja ya kuieleza, kila anayejifunza gitaa ameshatuchosha nayo. Ila hapa ilikuwa bado changa: moto wa kasino ya Montreux, Uswisi, wanaouimba, ulioanza pale mtu alipofyatua fataki ndani ya onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, ulikuwa wa Desemba 1971, miezi minane tu nyuma. Ni kama watu wanasimulia jambo la juzi.

Kasoro zipo. The Mule ni solo ya dramu ya Ian Paice, na ingawa mkono wake ni mwepesi ajabu, huwa naenda kuchemsha chai. Space Truckin' nayo inakaribia dakika ishirini. Wimbo wenyewe unaisha mapema, kinachofuata ni kama sebene lisilotaka kuisha, ila sebene hili halina pa kuweka mguu; unakaa tu unamsubiri Lord atoke alikojichimbia. Kuna siku napenda, kuna siku bando linaniuma.

Albamu naipa nyota nne na nusu. Kuna toleo la 1993, Live in Japan, la siku zote tatu kwenye CD tatu, ila kwa anayeanza hizi saba zinatosha. Muhimu ni hedfoni. Zijaribu kwanza dukani, kushoto, kulia, ndipo utoe hela. Mimi zile za zamani bado ninazo kwenye droo, na mara mojamoja nazivaa nimsikilize Lord peke yake.