Ngege au ingokho: ukiwa na mlo mmoja tu Kisumu

Ukishuka Kisumu na tumbo lenye nafasi ya mlo mmoja tu, mimi ningekupeleka Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ukale ngege, yaani samaki wa tilapia, akiwa mzima. Hukaangwa kwanza mpaka ngozi ikauke, kisha huchemshwa kidogo kwenye nyanya, kitunguu na dhania. Nawa mikono, finyanga tonge la ugali, uanze na nyama laini ya shavuni. Wageni wengi huiacha, na ndiyo tamu kuliko zote! Kando yake omba osuga, mboga yenye uchungu kidogo, iliyolainishwa kwa maziwa.

Ingokho, kuku wa kienyeji wa Waluhya, anamfaa asiye na haraka. Nyama yake ngumu hutaka moto wa muda mrefu, lakini mchuzi wake humshinda mbali kuku wa gredi, hasa ukichovya ugali wa wimbi. Ukialikwa nyumbani kwa watu, firigisi usiiguse. Kwa desturi ni ya mwenye boma.

Ila ingokho utampata hata Kakamega na Bungoma, tena kwa wenyewe. Ngege aliyetoka majini asubuhi, mle hapohapo ufukweni.