Boksi la juisi lililonivua nguo Ngamiani

Nilikuwa nauza juisi ya machungwa kwenye chupa za plastiki na hakuna aliyelalamika. Kiherehere changu ndicho kilichonipeleka kwenye maboksi, yale yenye paa kama nyumba. Nikaagiza mia nne kutoka Dar, nikayapokea stendi ya Kange hapa Tanga, na siku ile muuzaji nilimsifu kwa kila niliyekutana naye.

Ikaja shughuli ya Ngamiani. Boksi sitini. Machungwa ya Muheza nimekamua mwenyewe tangu alfajiri, nikaziba kwa pasi kama nilivyoelekezwa, nikapanga kwenye deli la barafu. Mchana wa Tanga mnaujua. Yalipotolewa tu yakaanza kutoka jasho, na jasho hilo likayalegeza. Mama mmoja mtu mzima kabeba lake kwa madaha, kitako kikaachia, juisi yote kwenye dera jipya. Ukumbi ukanyamaza. Heri wangenisuta.

Nikampigia muuzaji. Hata pesa sikuitaka, nilitaka pole. Akanijibu: "Dada, labda juisi yako ina maji mengi."

Mimi! Nisiyetia hata tone! Nilikata simu mikono inatetemeka, na mpaka leo nikikumbuka sentensi ile chai hainishuki.

Nilipolichana boksi ndipo nikaona: plastiki iko ndani tu, nje karatasi tupu. Boksi la kitu cha baridi hupakwa pande zote mbili, ndani kwa sababu ya juisi, nje kwa sababu ya jasho. Na ule ukingo uliokatwa, ukiachwa wazi upande wa ndani, unanyonya kama utambi. Eti yule muuzaji akanitolea mfano wa maboksi ya dukani yanayokaa miezi bila friji! Yale yana alumini, na juisi yake imepitishwa kwenye moto. Yangu mbichi, siku mbili tatu kwenye friji, basi. Nilimweleza mara tatu.

Kwa hiyo nampa sifuri. Haya, moja, kwa kufunga mzigo vizuri.

Ila nisiwe mnafiki. Yaliyobaki nimetia ubuyu wa kumung'unya, si juisi. Jamani! Yamesimama imara, ubuyu haushikani, watoto wa shule wanayagombania. Sasa yamebaki kama arobaini, na namba ya yule kaka niliifuta siku ile ile kwa hasira. Mwenye nayo anitumie, ila asimwambie ni mimi.