Kompyuta Inajizima Ovyo? Nimetumia Vipimo Vinne, Kimoja Kimenidanganya

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nimekaa sakafuni kwa sababu sipiyu iko hapa mbele yangu, ubavu nimeuvua, na sina nguvu ya kuipandisha tena mezani. Nimeibeba vya kutosha.

Hii ndiyo mashine ninayohariria video zote mnazoziona hapa. Prosesa ni Core i5-10400, ramu gigabaiti 16, vijiti viwili vya nane nane, kadi ya picha ni GTX 1660 Super. Si mashine ya kutisha, lakini ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Na kwa wiki sita ilikuwa inajizima. Haigandi, haitoi mlio, haionyeshi chochote. Puu, giza, halafu inawaka yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Mara nikiwa nakamilisha video, mara nasoma barua pepe tu. Siku moja imekaa tangu asubuhi mpaka usiku haijanisumbua. Kesho yake ikazimika mara nne kabla sijanywa chai ya saa nne.

Ugonjwa wa namna hii kila mtu ana dawa yake. Jirani anasema umeme mdogo. Shemeji anasema virusi. Fundi akasema Windows imechoka, tupige mpya. Nikampa elfu ishirini, akapiga Windows, nikashinda siku mbili najipongeza. Siku ya tatu, puu.

Kwa hiyo leo sichambui kompyuta. Nachambua vitu nilivyotumia kumtafuta mchawi. Viko vinne. Kimoja kimo ndani ya Windows, kimoja cha bure, viwili nimenunua kwa hela yangu, na hakuna duka lililonitumia kitu. Na kimoja kati ya hivyo nilivyonunua kilinidanganya mchana kweupe.

Tuanze na kile ambacho tayari unacho. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, ndilo daftari ambalo Windows huandika matukio yake, ingia Windows Logs, kisha System. Utaona alama nyekundu kibao, usiogope, hata kompyuta isiyo na ugonjwa inazo. Tafuta iliyoandikwa Kernel-Power, namba 41. Watu wengi wakiiona hiyo 41 wanapiga kelele, nimeupata ugonjwa! Hujaupata. Hiyo inaandikwa mashine ikishawaka tena. Ni Windows inaamka na kusema, jamani, mimi mara ya mwisho nililala bila kuaga. Ni cheti cha kifo ambacho hakijataja marehemu aliumwa nini.

Lakini usiondoke hapo. Ifungue, nenda Details, tafuta mstari ulioandikwa BugcheckCode. Ukikuta namba yoyote ambayo si sifuri, basi Windows iliwahi kuliona kosa na kutoa ile skrini ya bluu, na huenda imekuachia faili kwenye folda ya Minidump. Hapo una pa kuanzia. Ila kuna mtego. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida, wakati misimbo ya skrini ya bluu inaandikwa kwa heksadesimali, ile hesabu ya kumi na sita. Ukiona 26, ukatafute 0x1A, ambayo ni MEMORY_MANAGEMENT, na mkono wa kwanza upeleke kwenye ramu. Nimeshaona watu wakitafuta 26 siku nzima.

Na ukikuta sifuri? Mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kushika kalamu. Umeme umeondoka chini ya miguu yake, au mashine iliganda kabisa ukaizima kwa kushikilia kitufe. Mimi sikuwahi kushikilia kitufe. Na zangu zilikuwa kumi na saba, zote sifuri.

Halafu kitu kingine kabla sijasahau. Windows ikipata skrini ya bluu hujiwasha upya yenyewe, kwa hiyo kama ulikuwa jikoni utaapa haikutokea. Bonyeza kitufe cha Windows, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery ondoa tiki ya Automatically restart. Sasa skrini ya bluu ikija, itakusubiri mpaka urudi na chai yako.

Kipimo cha pili, MemTest86. Hiki ni kizee, kimekuwepo tangu 1994, na bado sijaona cha bure cha kukishinda kwa ramu. Unakiweka kwenye flashi, unawashia mashine kwa flashi hiyo, Windows haihusiki kabisa. Toleo la bure linapita mara nne, kisha linaishia hapo. Gigabaiti 16 usizisubiri ukiwa umekaa. Iache, kalale. Asubuhi unataka kuona sifuri. Si kosa moja, si makosa mawili ya bahati mbaya. Sifuri. Ukiona hata moja, kama umewasha XMP, yaani mpangilio wa kuikimbiza ramu, kwenye bayosi, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, izime kwanza, upime tena. Likirudi, chomoa kijiti kimoja, upime kijiti kwa kijiti.

Mimi niliamka nikakuta sifuri. Nikafurahi, nikasema ramu salama. Sasa sikilizeni nilivyokuwa kipofu. Mashine iliyokuwa inazimika mara nne kabla ya saa nne, imekesha usiku kucha inapima ramu na haikuzimika hata mara moja. Mbona hivyo? MemTest86 inachosha ramu na prosesa, kadi ya picha imelala pale inaonyesha maandishi tu. Jibu lilikuwa limeketi mezani, mimi nikalifunika na sahani.

Joto nitalipitia haraka, maana halikuwa lenyewe. Niliweka HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto, nikaona prosesa inafika nyuzi 71 nikiwa na kazi nzito. Prosesa za siku hizi zikizidiwa na joto hupunguza mwendo kwanza, utaona mashine inakuwa nzito kabla haijazimika. Yangu ilikuwa inazimika ikiwa katika mwendo mzuri kabisa. Nilibadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa, nikapuliza vumbi, haikusaidia kitu zaidi ya feni kunyamaza kidogo.

Haya, sasa huyu bwana. Kipimo cha pawasaplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme, chenye kioo. Elfu thelathini na nane. Kimeshikana vizuri, kioo kinasomeka, kinatoa mlio kila kitu kikiwa sawa. Unachomeka plagi kubwa ya pini 24, unachomeka ya prosesa, kinaiwasha pawasaplai bila madabodi, yaani ubao mkuu wa mashine. Nikachomeka. Volti 12 ikasoma 12.1. Volti 5 ikasoma 5.0. Ile ya 3.3 ikasoma 3.3. PG, yaani muda ambao pawasaplai inautumia kabla ya kusema niko tayari, milisekunde 290, na inayotakiwa ni kati ya 100 na 500. Kikalia piii. Mzima kama chuma.

Nikamwamini. Nikasema basi ni madabodi. Nikatafuta madabodi ya mtumba, nikaelewana bei laki mbili na nusu, nikaambiwa njoo Jumatatu uichukue. Ilikuwa Ijumaa. Hiyo Jumamosi na Jumapili ndizo zilizoniokoa.

Kwa sababu Jumamosi nilikaa nikajiuliza, hiki kidude kinaibebesha pawasaplai mzigo gani? Kidogo mno. Ni sawa na kumpima mbeba mizigo wa Kariakoo akiwa amesimama mikono mitupu, ukamwandikia kwamba mgongo wake ni mzima. Mtwishe gunia la kilo mia ndiyo umwangalie.

Nikaenda kununua maltimita, kile kifaa cha kupimia volti, elfu ishirini na tano, ya kawaida ya mafundi. Iweke kwenye DC 20. Waya mweusi wa maltimita kwenye tundu la waya mweusi, mwekundu kwenye tundu la waya wa njano, katika ile plagi ya zamani ya matundu manne ambayo haina kazi sana siku hizi. Angalia tu ncha zako zisigusane humo ndani. Njano ndiyo volti 12, na sheria inaruhusu ipande au ishuke asilimia 5. Yaani chini kabisa ni 11.40.

Mashine ikiwa imetulia, 12.02. Safi. Halafu nikawasha programu inaitwa OCCT, ya bure kwa matumizi ya nyumbani, ina kipimo cha pawasaplai kinachokamua prosesa na kadi ya picha kwa pamoja. Simu nimeisimamisha inarekodi maltimita, hii hapa mnaiona pembeni. 11.78. 11.61. 11.52. Inakaa hapo kidogo. 11.43. 11.36, puu.

Nilicheka peke yangu chumbani.

Sasa tusome karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai yenyewe, ambayo ningeisoma siku ya kwanza tusingekuwa na video hii. Jina la kampuni nimelifunika makusudi. Kwa maandishi makubwa wameandika wati 600. Teremka kwenye jedwali dogo, safu ya +12V. Ampia 22. Zidisha, 22 mara 12, unapata wati 264. Na prosesa na kadi ya picha zote zinakula humo humo kwenye 12. Kadi yangu inakula wati 125. Prosesa imeandikwa 65, lakini ikiongeza kasi inaruhusiwa kufika 134 kwa muda. Jumlisha, 259. Hujahesabu feni, hujahesabu diski. Na hiyo 264 ni ya siku ilipotoka kiwandani. Nilipomulika tochi kwenye matundu yake niliona kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. Usiifungue. Hata ukichomoa ukutani, humo ndani umeme unabaki.

Mtaniuliza, mbona ilizimika hata ukisoma barua pepe? Maltimita inasoma polepole, haioni kinachotokea ndani ya milisekunde. Kadi ya picha hata ukifungua kivinjari inaruka mara moja na kutulia, na pawasaplai iliyochoka inajikwaa hapo hapo. Hilo ndilo ninaloliamini, ushahidi wake ungetaka osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyoruka, na mimi sina.

Ushahidi nilionao ni huu. Mdogo wangu ana pawasaplai nzuri, nikaiazima kwake Jumapili. Mashine ile ile, madabodi ile ile, Windows ile ile. OCCT saa nzima, haikushuka chini ya 11.9. Nikanunua ya kwangu, safu yake ya +12V imeandikwa ampia 45, na leo ni siku ya kumi na tisa. Kuazima kifaa kizima na kubadilisha kimoja kimoja ndicho kipimo kinachovishinda vyote hivi, ila hakiuzwi.

Kununua je? Maltimita, nunua leo. Utapimia betri ya bayosi, utapimia chaja, utapimia mpaka betri ya pikipiki. MemTest86, weka kwenye flashi uitunze. OCCT, kwa tahadhari. Ni kumkimbiza mgonjwa ili ujue kama anaumwa. Kama pawasaplai inanuka kuungua au inalia, usiikimbize, itakufa na kadi. Mimi nilibahatisha, na nawaambia wazi ilikuwa bahati.

Kipimo chenye kioo, elfu 38, hapana. Kikikwambia pawasaplai imekufa, amini. Kikikwambia ni nzima, hujajua kitu. Na wale mnaotumia zile kompyuta za ofisini za mtumba, Dell na HP, angalieni plagi kwanza. Nyingi zake hazina hiyo ya pini 24, zina yao ndogo ya pini sita au nane, kidude hiki hakitaingia hata kwa kulazimisha.

Ah, na kuna ndugu aliniandikia kwamba akigusa boksi la sipiyu linampiga shoti ndogo, anauliza kama ndiyo sababu ya kuzimika. Sidhani, ila nenda kaangalie ekstensheni yako kama ina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Usipokuwepo, umeme kidogo unaovuja unabaki kwenye bati. Nyumba nyingi tunatumia adapta za pini mbili, hazina njia ya kuupeleka.

Fundi wangu naye alipita juzi, akaiona maltimita hapa mezani, akaniuliza naiuza bei gani. Nikamwambia hii hapana, ila ninacho kingine, kizuri, kina kioo, kinalia piii. Akakichukua, akakigeuza, akanirudishia.